Mchezo wa Kamusi Barazani: Maswali Yenu na Majibu

Nasikia vijana wa Mkomani, hapa Lamu mjini, wanacheza "mchezo wa kamusi" barazani baada ya Isha. Unachezwaje? Mama wa watoto, Langoni

Dada yangu, unahitaji kamusi moja, kalamu na vikaratasi vya kutosha. Mmoja anakuwa mshika kamusi. Anatafuta neno ambalo hakuna hapo anayelijua, analitaja pamoja na ngeli yake. Wengine wote wanaandika kila mmoja maana ya kubuni, na mshika kamusi anaandika ile ya kweli. Karatasi zinakusanywa, zinachanganywa, zinasomwa zote, kisha kila mtu anachagua anayoiamini. Ukiipata ya kweli una pointi moja. Kila aliyenasa kwenye ya kwako anakupa moja. Wote wakiikosa ya kweli, mshika kamusi anachukua mbili, na kamusi inahamia kwa anayefuata.

Watano hadi wanane wanatosha. Wakiwa watatu, ya kweli inajianika. Wakizidi kumi, hadi ya mwisho isomwe watu wameshaisahau ya kwanza.

Na hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linaloharibu mizunguko mingi: maana ya kweli iandikwe kwenye karatasi kama za wengine, isisomwe kitabuni. Macho ya msomaji yakirudi kwenye kamusi, kila mtu ameshajua. Pia mshika kamusi azipitie karatasi zote kimya kwanza. Akikwama kwenye mwandiko wa mtu, maana hiyo imekufa hata kama ilikuwa nzuri.

Maana zangu hugunduliwa kila mara. Kaka yangu huandika maneno manne tu na watu wanamwamini. Nakosea wapi? Kijana, Shela

Umeshajijibu mwenyewe: maneno manne. Wanaoanza mchezo huu huandika kwa mapambo. Wanataka maana iwe ya ajabu kwa kuwa neno lenyewe ni la ajabu. Kamusi haina tabia hiyo. Kamusi husema "aina ya samaki mdogo", "kifaa cha kukunia", "hali ya kutotulia", ikanyamaza. Ukiandika "samaki mdogo mwenye rangi saba anayeonekana usiku wa mwezi mchanga tu", hata mtoto atajua umelala nayo kitandani ukiitunga.

Mfano wa karibu. Neno lilikuwa *chechele*. Zikasomwa hizi:

Ndege mdogo anayefuata maji yanapokupwa.

Upele wa watoto wachanga.

Kitu kinachomchukua mtu akapita alikokusudia kwenda bila kujitambua.

Mabaki ya nazi iliyokwisha kukamuliwa.

Ya nazi ilikataliwa mara moja, kwa sababu hakuna mwanamke wa pwani asiyejua kwamba hayo ni machicha. Ndege na upele wakagawana kura. Ile ya tatu ilichekwa, watu wakasema aliyeiandika amekosa la kusema. Nayo ndiyo ya kweli: mtu aliyepitiliza nyumba aliyokuwa akiiendea huambiwa amechukuliwa na chechele. Maana ya kweli mara nyingi ndiyo isiyosadikika, na hapo ndipo wewe unapopata nafasi. Andika kitu ambacho mtu hatakuwa na sababu ya kukishangaa.

Sikiliza ngeli pia. Neno likitajwa kuwa la *a-/wa-*, usiandike chombo. Likiwa la *u-/i-* na linaanza na *m-*, wenzako wote watakimbilia mti, kwa hiyo wewe andika ugonjwa, au sehemu ya nyumba. Likiwa na sura ya Kiarabu, watu hutarajia dini, biashara au bahari. Usiwape wanachotarajia kila siku, wataanza kukujua mkono.

Ukiweza, ongeza kipande kimoja tu cha uhakika: "hasa cha shaba", "kwa kawaida kwa harusi". Kimoja. Cha pili kinakuumbua.

Tutumie kamusi gani? Na maneno gani yanafaa? Kikundi cha wasomaji, Lamu mjini

*Kamusi ya Kiswahili Sanifu* inatosha. Toleo lake la kwanza ni la 1981, na lile la 2004 na la 2013 yanafaa vilevile. *Kamusi Kuu* ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ni pana zaidi. Kamusi ya Johnson ya 1939 ina hazina kubwa ya maneno yaliyoanza kupotea, ila maana zake ziko kwa Kiingereza, na mshika kamusi akianza kutafsiri papo hapo lugha yake inamsaliti. Hali ni hiyo kwa ile ya Krapf ya 1882, ambayo hata tahajia yake ni ya kuzoea kwanza. Hizo mbili zitumieni kuchagulia maneno nyumbani, mje na maana mmeshaiandika.

Kuhusu maneno, angalieni nani amekaa barazani. *Foromali*, *joshi*, *demani* na *mataruma* ni maneno mazuri mno, lakini akiwepo mtu wa Matondoni aliyekulia kwenye majahazi mtamchezea bure. *Kitakizo* na *mfumbati* zinapita mpaka atokee seremala wa vitanda. Epukeni pia neno linaloonyesha matumbo yake. *Kifaurongo* lina sauti tamu, lakini *kufa* na *urongo* vimo humo humo, na mwenye akili atafika kwa mdudu anayejifanya amekufa akiguswa kabla hujamaliza kulitaja.

Anzeni na haya, na maana msiniulize: *jugwe*, *lumbwi*, *msewe*, *tapo*, *bezo*.

Simu zote ziwekwe kwenye sinia katikati mpaka mzunguko uishe.

Mwanangu, nawaona wajukuu zangu wanashindana kuandika urongo, na anayewadanganya wengi ndiye anayeshangiliwa. Tumeonywa hata urongo wa kuwachekesha watu. Hamwoni mnawazoesha vibaya? Babu, Kipungani

Assalamu alaykum, mzee wangu. Swali lako ni zito na sitalipita juu juu.

Kila aliyekaa pale amekubali tangu mwanzo kwamba karatasi moja tu ndiyo ya kweli, na kabla hawajainuka zote zinafunuliwa. Hakuna anayeondoka amedanganyika. Nauona mchezo huu karibu na kitendawili, ambapo mtegaji anaficha na mteguaji anatafuta, na akishindwa anatoa mji, kisha anaambiwa jibu. Watu wa Lamu wamefumbiana na kufumbuana kwa mashairi vizazi vingi.

Lakini onyo ulilolitaja nalijua, na kama moyo wako hautulii, sitaki utulizwe na mwandishi wa safu. Mwulize shekhe unayemwamini. Ninachoweza kukupa ni namna ya kucheza ambayo baadhi ya familia hapa wanaifuata. Hawaambiani "tunga maana". Wanaambiana "kisia". Kila karatasi inaanza na "Huenda ni…", pamoja na ile ya kweli, na kila mmoja anaandika anavyodhani kwa dhati, akitazama umbo la neno. Aliyekisia vizuri anaaminiwa. Mchezo unapungua ukali kidogo, sikatai, ila watoto wanajifunza kulipekua neno kuliko kuwavizia wenzao, na kwangu mimi hilo si hasara.

Neno lilikuwa "mui". Niliandika "mji". Wenzangu kadhaa walinichagua, nikapewa pointi za kudanganya. Sikudanganya! Mshika kamusi, mgeni kutoka bara, akasema ya kweli ni "mtu mbaya". Msomaji kutoka Pate

Uliandika kweli, na nakuunga mkono kwa nguvu zote. Mgeni wenu angetembea kidogo tu Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, angejua *mui* ni nini kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu: ni mji. Kamusi nayo haikukosea, maana kuna *mui* wa methali, "Mui huwa mwema". Ni maneno mawili yaliyokutana sauti. Kosa ni la mshika kamusi ambaye hakutaja ngeli. Angesema *a-/wa-*, usingeandika mji.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: mtu akileta maana ya kwao, na mwingine wa huko au mkubwa wa nyumba akaithibitisha, ahesabiwe amepata kweli, na maana hiyo iandikwe pembezoni mwa kamusi kwa penseli. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa 1930 kulisimamia hilo. Ilikuwa lazima lichaguliwe moja. Hakuna aliyeagiza kwamba Kiamu, Kipate na Kisiu viwe makosa, na inaniuma kila ninapomsikia mtoto wa kisiwani akisahihishwa "mato" kuwa "macho" kana kwamba bibi yake hajui kusema. Mchezo huu ukichezwa Lamu, Siu au Faza, baraza iwe na haki ya kuiongezea kamusi.

Mchezo umetoka wapi?

Kwa wasemao Kiingereza, waliouchezea sebuleni na kamusi zao. BBC walianza kuonyesha mchezo wa jamii hiyo kwenye televisheni 1965, ukiitwa *Call My Bluff*, na 1984 Kanada ikatoa ule wa kununua dukani uitwao *Balderdash*. Wa dukani hauna haja kwenu.

Nimeujaribu darasani. Watoto walifurahi, lakini wiki iliyofuata nusu yao walikumbuka maana ya urongo. Nifanyeje? Mwalimu, Mokowe

Mwalimu, hiyo ndiyo hatari kubwa ya mchezo huu na wengi hawaitaji. Maana ya kubuni iliyowachekesha hukaa kichwani kuliko ya kweli iliyosomwa mara moja. Kwa hiyo ya kweli isomwe tena mwisho, baada ya kura na pointi, wakati kelele zimetulia. Za urongo zichanwe mbele yao. Kisha kila mtoto atunge sentensi moja kwa neno hilo, inayotokea kwake nyumbani au njiani, naye aisome. Mtoto aliyesema "Nilichukuliwa na chechele nikapita duka la chumvi" halisahau tena.

Darasa likiwa kubwa, ligawe makundi, kila kundi liandike maana moja. Na maneno mawili kwa kipindi kimoja yanatosha. Yaache ubaoni na maana zake mpaka kipindi kingine, usiyafute.