Nani kasema hatupendi watu?

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama ni kweli waandishi wa programu za kompyuta ni watu wa kujifungia, wasiojua kuishi na wenzao. Mimi nafanya kazi hiyo hapa Tabora, na jibu langu ni hapana. Dhana hiyo ilitengenezwa.

Mwaka 1966, huko Marekani, wanasaikolojia William Cannon na Dallis Perry walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa waandishi wa programu 1,378, ambao wanawake walikuwa 186 tu. Walieleza kwamba watu hao wanapenda mafumbo na hawapendi shughuli za kukaribiana na watu. Waajiri nao wakawa wanawachuja waombaji kwa vipimo vya namna hiyo. Ukiajiri wakimya mwaka hadi mwaka, ofisi itajaa wakimya, kisha utasema wamezaliwa hivyo! Tena wakaonekana ni wanaume, wakati kompyuta ya ENIAC ilipozinduliwa mwaka 1946, walioipangia hesabu zake walikuwa wanawake sita.

Mimi naandika programu za vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku. Ugumu wake hauko kwenye kompyuta. Robota, yaani mzigo wa tumbaku uliofungwa, linapimwa, mteuzi wa tumbaku analipangia daraja la ubora, daraja linaleta bei, halafu mkopo wa pembejeo unakatwa kabla mkulima hajashika chake. Je, robota likikataliwa na kurudi sokoni siku nyingine, lisomeke mara mbili? Hilo halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma chuoni. Analijua karani wa chama, na hakuambii mpaka ukae naye, umsikilize, umwulize tena bila kumfanya ajione mjinga. Ukikosea hapo, familia ya mtu inapunjwa.

Kinachoniumiza ni kwamba nikifika na kompyuta yangu bado naulizwa, "Dada, fundi wako yuko wapi?" Ofisini mabinti wa mafunzo kwa vitendo wanapewa kuandika muhtasari wa kikao, na kijana aliyekesha ndiye anayesifiwa, hata kama kazi yake haieleweki kwa mtumiaji.

Waajiri, kwenye usaili msiishie kumpa mwombaji mafumbo. Mkalisheni na karani wa mizani asubuhi moja ya soko, kisha msome maswali aliyouliza.