Probox ya kilomita 210,000

Nunua ndugu yangu, ila kagua kwanza. Umeuliza kama kilomita 210,000 ni nyingi mno kwa Toyota Probox iliyotumika. Mimi hazinitishi. Injini yake, aina ya 1NZ, huzungusha vali kwa cheni, si mkanda wa mpira, na ikibadilishwa oili kwa wakati huweza kuvuka 300,000.

Kinachonitisha hapa Mombasa ni kutu. Gari lililolala miaka na miaka karibu na bahari, Nyali au Shanzu, huliwa na chumvi kwa chini huku rangi ya juu ikimeremeta. Mpe fundi wako (si wa muuzaji, tafadhali!) alipandishe, agonge-gonge chesisi, atazame palipochomelewa, ainue na mazulia ya ndani. Ukiona chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi kote, huenda inaficha kutu; mimi ningeondoka.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto, mwambie muuzaji utarudi kesho. Fungua rejeta kabla ya kuwasha. Maji yenye rangi ya kutu maana yake hakuwekwa kulanti (dawa ya kupoza injini), na kwa joto letu hili injini itachemka kwenye foleni ya feri Likoni. Ukiwasha, sikiliza kama cheni inalia. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Kisha endesha nusu saa, usikie gia zinavyoingia.

Jina kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, lilingane na kitambulisho cha muuzaji kabla hujatoa hata shilingi. Na bei ikishakubaliwa, bakisha pesa za matairi na bushi (zile raba za miguu ya gari).