Ushauri kwa Anayetaka Kufunga Taa za LED Katika Kituo cha Tozo

Kazi ya ufundi umeme imenifikisha mara nyingi katika vituo ambako madereva husimama usiku kulipia barabara au daraja. Ushauri ninaompa kwanza kila msimamizi anayetaka kubadilisha taa ni huu: aiweke kando kwa muda hesabu ya wati, aende kituoni giza likishaingia, akae katika kiti cha karani ndani ya kibanda, kisha aingie kituoni akiwa katika kiti cha dereva. Kituo kinaweza kumeremeta kikitazamwa kwa mbali, na bado watu hao wawili wakawa hawaoni vizuri.

Ubora wa LED kwa jumla hauna ubishi. Taa nzuri hutoa lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) 130 au zaidi kwa kila wati, na huwaka papo hapo umeme unaporudi, ilhali taa ya sodiamu ikizimika huhitaji dakika kadhaa kupoa na kuwaka tena sawasawa. Hata hivyo, kwa kituo cha tozo mimi huutanguliza uhalisia wa rangi, yaani jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kama zilivyo. Taa ya kawaida ya sodiamu hupata takriban 25 tu kati ya 100 katika kipimo hicho, na chini ya mwanga wake wa njano noti nyekundu ya Tanzania ya shilingi 10,000 na ile ya kahawia ya shilingi 2,000 hukaribiana, kama ambavyo kibao cha njano cha gari binafsi hufanana na kibao cheupe cha gari la biashara. Karani anayepokea noti iliyokunjwa huku honi zikilia nyuma hulazimika kuikunjua na kuigeuza karibu na uso wake, na foleni husubiri. Dai kipimo kisichopungua 70 kwenye njia za magari na 80 ndani ya kibanda.

Mwanga unaochoma macho ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Chipu za LED ni ndogo na kali, na paa la kituo kwa kawaida liko mita chache tu juu ya malori, kwa hiyo dereva anayekaribia huzitazama ana kwa ana. Chagua taa zenye lenzi zinazoelekeza mwanga chini, zilizozamishwa ndani ya dari, na zenye joto la rangi la kelvini 4000 badala ya 6500, kwa sababu mwanga wenye ubuluu mwingi huchosha macho na huvuta wadudu wengi, ambao wakati wa masika huganda kwenye vioo.

Upande wa kutokea unahitaji uangalifu kuliko wa kuingilia, kwa kuwa jicho huzoea mwanga upesi lakini giza hulizoea polepole. Katika barabara ya haraka ya Nairobi, yenye kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands, dereva hutoka kituoni akiwa bado katikati ya taa za jiji. Kituo kilichojengwa porini hakina bahati hiyo, na nguzo zinazofuata baada ya geti zinapaswa kupunguza mwanga hatua kwa hatua, ili dereva asitoke kwenye mng'ao na kutumbukia gizani huku anaongeza mwendo.

Kamera nayo ina mahitaji yake. Kwenye umeme wetu wa hezi 50, taa yenye draiva duni, yaani kifaa kinachogeuza umeme uifae LED, hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, lakini picha ya namba ya gari hutoka na mistari au giza. Jaribu mapema kwa kurekodi taa hiyo kwa simu katika mwendo wa polepole.

Kuhusu uimara, saa 50,000 zinazoandikwa kwenye boksi ni zaidi ya miaka 11 kwa taa inayowaka saa 12 kila usiku, ila muda huo huhesabiwa kwa chipu, na kinachokufa mapema ni draiva, hasa iliyofungwa chini ya bati linalochemka mchana kutwa. Nunua taa ambazo draiva yake hufunguliwa na kubadilishwa peke yake, zenye kinga ya radi ya kilovolti 10. Kwa mahali penye upepo wa bahari, kama Daraja la Nyerere linalounganisha Kurasini na Kigamboni tangu 2016, ongeza sharti la kiwango cha IP66 (taa isiyoingiza vumbi wala maji) na skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Masharti haya yote yaandikwe kwenye zabuni, pamoja na jaribio la usiku ambalo luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) zitapimwa juu ya meza ya karani na kwenye lami ya kila njia. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yasitoke kabla ya jaribio hilo, na karani wa zamu awepo akiwa na noti mkononi.