Maswali ya Wasomaji: Je, Aqua Yangu Itavuta Tela?

SWALI: Nina Toyota Aqua ya mwaka 2013. Nafuga kuku Kibaha, na kila wiki nafuata chakula cha kuku Dar es Salaam, magunia sita ya kilo 50. Fundi wa kuchomelea ameniambia atanifungia ndoano ya tela kwa siku moja, ataichomelea kwenye ile ndoano ndogo iliyopo chini ya bampa la nyuma. Inafaa?
*Msomaji, Kibaha*

JIBU: Usimruhusu achomelee hapo. Ile ndoano imewekwa ili gari lifungwe lisicheze likiwa melini. Haikuundwa kubeba uzito unaoruka juu na chini kwenye kila tuta, mwaka mzima. Itaanza kupasuka bati kuizunguka, ndani kwa ndani usikoona, mpaka siku itakapong'oka na tela likiwa nyuma yako barabarani.

Tuanze na uzito kabla ya chuma. Toyota haikuikusudia Aqua ivute tela, na kwa pacha wake aliyeuzwa Marekani kwa jina la Prius c, kampuni yenyewe haishauri kuvuta. Kwa hiyo hakuna namba ya kiwandani ya kuegemea, na kabla ya kufunga chochote iandikie kampuni yako ya bima upate jibu la maandishi. Kipimo tunachokiamini ni hiki: Japani huhesabu uzito wa gari lililojaa kwa kilo 55 kwa kila abiria. Aqua ni ya watu watano. Ukiendesha peke yako umewaacha nyumbani watu wanne, yaani kilo 220. Tela na mzigo wake kwa pamoja visizidi hapo sana. Kilo 300 ndiyo mwisho kabisa, tena barabara ikiwa tambarare na viti vya nyuma vitupu.

Sasa piga hesabu yako. Chukua tela dogo la chuma la kilo 120. Ukiongeza magunia mawili umefika 220. Magunia sita yanakupeleka kilo 420. Kwa mzigo huo kodi kirikuu (kigari kidogo cha mizigo), hata kama unajisikia uchungu kulipa kila wiki. Tela la Aqua ni la matenga ya kuku, trei za mayai, baiskeli, magodoro, magunia mawili ya pumba.

Ukiridhika na kiwango hicho, kazi ifanyike hivi. Bampa la plastiki linashuka kwa kutoa klipu na skrubu za pembeni na za chini. Nyuma yake utaona boriti ya kupokea mgongano, na ncha mbili za boriti za chasisi, kushoto na kulia. Hapo kwenye ncha ndipo ndoano inapofungwa, kwa bolti, si kwa kuchomelea. Kila upande uwe na bamba la milimita 6 nje, na ndani ya boriti liingizwe bamba jingine lenye nati zilizochomelewa tayari, ili bati jembamba la gari libanwe katikati na lisitoboke. Bolti tatu kila upande, M12 (za unene wa milimita 12) zenye maandishi 8.8 kichwani, zikazwe kwa spana ya kupima mkazo hadi Nm 80. Zikiwa M10, Nm 45 zinatosha. Bolti isiyo na namba kichwani irudishe dukani.

Kati ya mabamba hayo lipite bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene 4, na kipande cha kushikia tufe, ule mpira wa chuma unaoingia kwenye kikombe cha shingo ya tela, kiwe bamba la milimita 8. Kulichomelea bomba hilo mezani ni sawa kabisa, mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaliweza. Kuchomelea juu ya gari ndiko kubaya. Joto linaunguza rangi ya ndani ya boriti na kutu inaanza pale usipoweza kupaka tena, na umeme wa mashine unaweza kupita kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Fundi asitoboe sakafu ya gari pia. Aqua ni haibridi, ina injini ya petroli na mota ya umeme. Betri kubwa ya mota hiyo, ya volti 144, imekaa chini ya kiti cha nyuma, na nyaya zake za rangi ya chungwa zinakwenda mbele kwa chini. Mwenye drili asiyejua zilipo asiingie humo.

Tufe liwe la milimita 50, na kikombe cha tela kiwe cha 50 vilevile. Kuna matufe ya Kimarekani ya milimita 47.6, na hapa ndipo watu wanapokosea: tufe hilo dogo linaingia kwenye kikombe cha 50, linafungika, linaonekana sawa, halafu linachomoka kwenye tuta. Soma namba iliyogongwa juu ya tufe. Kitovu cha tufe kiwe sentimita 35 hadi 42 kutoka ardhini gari likiwa limebeba. Chuma chochote kisining'inie chini kuliko ekzosi, maana Aqua iko chini na matuta yetu hayana huruma. Ukishatembea kilomita 100 za kwanza, kaza bolti zote upya; bamba jipya hukaa na rangi hubanwa, bolti ikalegea bila mtu kuigusa.

Mpangilio wa mzigo nao una hesabu yake. Uzito unaokalia tufe uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya tela lililojaa. Kwa kilo 220 ni kilo 11 hadi 22. Weka mizani ya kupimia mtu chini ya shingo ya tela, juu ya kigogo kinacholifikisha kimo cha tufe, usome. Uzito huo ukiwa mdogo mno, au mzigo umerundikwa nyuma, tela litaanza kuyumba kama mkia ukifika kilomita 70 au 80 kwa saa. Ukiwa mzito mno, pua ya gari inainuka. Kilo 25 zilizo sentimita 80 nyuma ya ekseli ya nyuma zinaondoa karibu kilo 8 kwenye matairi ya mbele, na Aqua inavutwa na hayohayo ya mbele.

SWALI: Ninavuta tela dogo la vifaa vya muziki kwa Aqua. Nikipanda Mlima Kitonga, feni ya nyuma inalia kwa nguvu, kisha gari linakosa nguvu na taa ya onyo inawaka. Likipumzika nusu saa linarudi sawa. Fundi anasema ninunue betri mpya.
*Msomaji, Iringa*

JIBU: Usinunue betri bado. Tatizo linaloondoka gari likipoa ni la joto mpaka vipimo viseme vingine. Omba kodi za hitilafu, yaani namba za makosa ambayo gari limeyahifadhi, zisomwe kwenye kompyuta. P0A93 ni upozaji wa inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri kwa ajili ya mota. P0A80 ndiyo ya betri iliyochoka. Ni vitu viwili tofauti na bei zake hazilingani hata kidogo.

Inveta ina maji yake ya kupoza, mbali na yale ya injini, yanayosukumwa na pampu ndogo ya umeme. Gari likiwa baridi, washa hadi taa ya READY (gari liko tayari kwenda) iwake kwenye dashibodi, fungua kofia ya kitangi chake na uchungulie kwa tochi. Maji ya waridi yanatakiwa yaonekane yakizunguka na kutikisika. Yakiwa yametulia kama ya mtungini, pampu imekufa au kuna hewa imenasa. Kwenye tambarare unaweza usijue. Mlimani na tela ndipo inapokuumbua.

Baada ya hapo nenda kwenye tundu la hewa pembeni mwa kiti cha nyuma. Feni ya betri inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia hapo. Chujio lake likishikwa na vumbi na nyuzi za viti, feni italia na hewa haitapita. Lisafishe, na usiliwekee mabegi ya spika mbele yake. Kwa kuwa betri inapozwa kwa hewa ya ndani, kupanda Kitonga umefungua vioo na kuzima AC ili "kuokoa nguvu" ni kuichemsha. Funga vioo, washa AC.

Mlimani panda taratibu kwa mwendo mmoja, usikanyage ukaachia ukakanyaga. Taa ikiwaka, egesha pa usalama, weka P na uache READY ikiwaka, ili pampu na feni ziendelee kupoza. Wakati wa kushuka weka gia ya B. Betri ikijaa haipokei tena umeme wa breki, na tela lisilo na breki linakusukuma. B inaifanya injini ishike.

SWALI: Na Honda Fit Hybrid ya 2014 je? Nataka kuvuta tela la maji, pipa moja la lita 200.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hapana. Fit hiyo ina giaboksi ya klachi mbili kavu, na klachi hizo huteleza gari linapoondoka au kutambaa kwenye foleni kwa nguvu ya injini. Uzito wa ziada unazichemsha. Magari yenye giaboksi hiyo yaliitwa kurekebishwa Japani zaidi ya mara moja ndani ya miezi michache baada ya gari kutoka Septemba 2013, bila tela lolote. Pipa lisilojaa lina ubaya wake pia: maji yanakimbia mbele na nyuma kila unapofunga breki.

SWALI: Natumia Aqua kuvuta tela la mtumbwi wa plastiki, kilo 180 kwa jumla, hadi ufukweni. Nikifunga breki, indiketa za tela nazo zinawaka hafifu. Pia gari linagoma kurudi nyuma kupanda mteremko wa nyumbani.
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Taa zinazoazimana namna hiyo zimekosa ethi, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye bodi ya gari. Umeme wa breki unatafuta njia ya kurudi, unapitia kwenye indiketa. Usitegemee tufe kuwa ethi, grisi na kutu vinalikata. Peleka waya mweupe wa milimita za mraba 1.5 kutoka soketi hadi kwenye bodi ya gari, mahali palipokwanguliwa rangi. Kwenye soketi ya pini saba, pini ya 3 ndiyo ethi. Pini ya 1, njano, ni indiketa ya kushoto; ya 4, kijani, ya kulia; ya 6, nyekundu, breki; ya 7, nyeusi, na ya 5, kahawia, ni taa ndogo za kushoto na kulia; ya 2, buluu, ni ya ukungu.

Kama fundi aliunganisha nyaya za tela moja kwa moja kwenye taa za nyuma za gari, mrudishe kazini. Balbu mbili za breki za wati 21 zinavuta amperi 3.5, mzigo ambao saketi ya gari haikupangiwa. Funga moduli ya taa za tela inayochukua umeme wake kwenye betri ndogo ya volti 12, ikiwa na fyuzi ya amperi 15 karibu na betri.

Kuhusu kurudi nyuma, gari lako si bovu. Kwenye R, Aqua inasukumwa na mota ya umeme peke yake. Injini haiwezi kuongeza nguvu upande huo, na ikiwaka kuchaji betri inaipunguzia mota. Panda mteremko huo kwa mbele, au chomoa tela ulisukume kwa mikono. Ziwani, kurudi nyuma kwa kushuka hakuna shida. Chomoa plagi ya taa kabla magurudumu hayajaingia majini, balbu ya moto hupasuka ikiguswa na maji baridi. Wakati wa kutoka, mtu mmoja aukalie upande wa mbele wa gari, kiti cha abiria, ili matairi ya mbele yashike. Yakiteleza kwenye mwani, kompyuta inakata nguvu na gari linasimama hata ukikanyaga hadi chini.