Je, ziwa Masoko lilichimbwa na barafu?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Tukuyu. Mpwa wangu anasoma Marekani, juzi kanitumia video yuko sehemu inaitwa Volo Bog, kahifadhi kadogo tu nje ya Chicago, anatembea kwenye njia ya mbao na ile njia inanesanesa kama godoro, anasema chini yake ni maji na lile shimo lilitokana na barafu ya zamani sana. Nikawaonesha watoto darasani, mmoja akaniuliza, mwalimu kwahiyo na Masoko lilichimbwa na barafu? Maana nalo ni la duara, na baridi huku kwetu ipo. Naomba unisaidie kabla sijarudi kwao.

JIBU: Ugonile mwalimu. Huyo mtoto mpe hongera zake kabisa, kaangalia umbo la ziwa ndo akauliza. Ila jibu ni hapana, Masoko ni kazi ya moto.

Tuanze na kule kwa mpwa wako. Kama miaka 20,000 iliyopita karibu Kanada yote na kaskazini ya Marekani ilikuwa chini ya barafu moja kubwa, sehemu zingine unene wake unazidi kilomita 2, yani ungeiweka hapo Tukuyu mjini hata kilele cha Rungwe usingekiona. Na ile barafu ilikuwa inatambaa, uzito wake wenyewe unaisukuma, inakwangua ardhi na kubeba mawe, mchanga, changarawe, kila kitu. Joto lilipoongezeka ikaanza kurudi nyuma kuelekea kaskazini, mapande mengine yakameguka yakabaki, yakafukiwa na changarawe. Pande likayeyuka polepole huko chini, ardhi ya juu ikatitia, shimo likajaa maji. Volo Bog ilianza hivo.

Hii unaweza kuwaonesha darasani. Gandisha maji kwenye kikombe, lifukie hilo barafu kwenye beseni la mchanga, sawazisha juu kabisa kama hakuna kitu, halafu rudini baada ya masaa kadhaa. Mtakuta mchanga umebonyea pale pale.

Ule mneso nao una sababu. Pembezoni mwa lile ziwa viliota vimimea laini vinavyofyonza maji kama sponji, vikatambaa juu ya maji kuelekea katikati, vya zamani vinakufa vipya vinaota juu yake, mwisho likawa zulia zito linaloelea na miti imeota humo. Ipo hata jamii ya paini inayopukutisha majani yote baridi ikija, tofauti na paini zetu za Sao Hill.

Sasa Masoko. Uji wa mawe ya moto ulipanda kutoka chini ukakutana na maji yaliyo ardhini, na wewe unajua maji yakidondokea kwenye kikaango cha mafuta ya moto kinachotokea, sasa fikiria hiyo iko chini ya ardhi na haina pa kutokea. Pakalipuka, likabaki shimo la duara na kingo za majivu na mawe. Ziwa Ngozi nalo ni kazi ya moto ila stori yake nyingine, kule mlima wenyewe ulidondokea ndani.

Kuhusu baridi, hata Kitulo mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu, lakini jua likitoka inaisha. Barafu ya kuchimba ardhi inataka theluji irundikane miaka na miaka bila kuyeyuka. Tanzania imebaki Kilimanjaro peke yake, na pale toka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu limeshapotea, inauma sana kwakweli.

Ukitaka ndugu wa Volo Bog huko kwenu, usimtafute Masoko, kuna Kyambangunguru. Nalo ni shimo la mlipuko, lilikuwa ziwa, mimea ikalijaza taratibu mpaka likawa kinamasi. Mwanzo tofauti, uzee wao umefanana.

Waambie watoto watafute na yale mawe mepesi yenye matundu, ya kusugulia visigino, barabara zilipokata kingo yapo kibao. Wayatie kwenye ndoo ya maji, yataelea. Hayo yalitapikwa na volkano.

Na huyo aliyeuliza mwambie hili. Wanasayansi walitoboa tope la chini ya Masoko wakakuta limejipanga tabaka kwa tabaka, historia ya miaka zaidi ya 40,000. Kwahiyo wakati pale anapotembea mpwa wako pamelaliwa na barafu, Masoko lilikuwepo tayari, linapokea majani na vumbi kila msimu, na hilo vumbi mpaka leo liko pale chini.