Re: Je, akina Smith wote ni ukoo mmoja?
Hapana mkuu, akina Smith wote hawana babu mmoja. Ni jina la kazi: mhunzi, mfua chuma. Uingereza ya karne ya 13 na 14 karibu kila kijiji kilimhitaji mtu wa kufua majembe na viatu vya farasi, basi jina likazuka sehemu nyingi, na watoto wakalirithi hata wasiposhika nyundo. Smythe ni hilohilo.

Marekani ndilo linaloongoza, watu zaidi ya milioni 2.4 kwenye sensa ya 2010. Humo wamo akina Schmidt wa Ujerumani waliobadili jina, na Wamarekani weusi wengi ambao mababu zao walilibeba tangu utumwani. Ukimtafuta Smith wa Uingereza, anzia vitabu vya ubatizo vya parokia yake. Viliamriwa kuwekwa 1538.