Ile picha ya Amin kabebwa na wazungu

Mmeuliza wiki hii ni picha gani ya kiongozi iliwahi kutudanganya. Mi yangu ni ile ya Idi Amin kakaa juu ya kiti, wazungu wanne wamembeba mabegani na mwingine nyuma kamshikia mwamvuli, Kampala, Julai 1975. Nadhani wengi mshaiona maana haiishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na chini yake lazima mtu aandike huyu ndo alikuwa mwanaume. Na mimi niliipenda kweli, nilikaa nayo kwenye simu miaka.

Siku moja nikamwonyesha babu, mzaa mama. Yeye ni wa Missenyi kule Kagera, mwaka 1978 jeshi la Amin lilipoingia walikimbia kuvuka mto na watoto mgongoni, ng'ombe wakaachwa, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Nilidhani atakasirika. Akaishika simu akaiangalia weee, halafu akaniuliza, "Mjukuu wangu, mwenye kamera aliitwa na nani?"

Nilikosa jibu. Nikaanza kutafuta, na kadiri ninavyosoma ndo naona lile swali lilivyo zito. Wale wazungu hawakuwa mateka wala maafisa wa serikali ya Uingereza, walikuwa wafanyabiashara tu waliokuwa wanaishi hapohapo Kampala, na ilikuwa ni tafrija ya wageni wa mkutano wa OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yaani kila kitu kimepangwa na wapiga picha wapo tayari. Na mkutano wenyewe ulikuwa na aibu yake, Amin ndo anakabidhiwa uenyekiti wa Afrika nzima lakini Nyerere kagoma kwenda, Kaunda kagoma, Seretse Khama wa Botswana naye kagoma, kwa sababu ya damu iliyokuwa inamwagika Uganda. Sasa niambie leo nani anakumbuka viti vya hao waliogoma? Kinachokumbukwa ni kile kimoja kilichobebwa.

Na alijua pa kutushika. Babu zetu ndo walikuwa wapagazi, wao ndo waliwabeba wakoloni kwenye machela porini huko, kwa hiyo ukiona imegeuzwa moyo unafurahi kabla hujafikiri, na ile furaha ni ya haki kabisa, maumivu yale yalikuwa ya kweli. Ndo maana inaniuma. Alichukua kidonda chetu akakifanyia matangazo yake, na watu waliokuwa wanapotelea mikononi mwa State Research Bureau, polisi wake wa siri, pale Nakasero, Kampala, walikuwa weusi wenzetu, wapo wanaokadiria waliouawa miaka yake yote minane wanafika 300,000.

Mwaka 2015 shirika la utangazaji la Uganda lilikuta negativu kama 70,000 za wapiga picha wa serikali zimelala kwenye stoo, baadhi zikaonyeshwa 2019 pale Uganda Museum. Mikutano, ngoma, ziara, Amin anacheka, Amin na akodiani. Mateso ya Nakasero usitegemee kuyakuta humo, na wala siwalaumu wale wapiga picha, walikuwa kazini na walikuwa na familia.

Ila kuna mtu mmoja sitoki kwake. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, Septemba 1972 alichukuliwa na wanajeshi pale Mahakama Kuu, mchana kweupe, katikati ya jiji, hakurudi tena. Mchana ule hakuna aliyemwita mwenye kamera. Siku hizi ile picha ya Amin kabebwa ikitumwa kwenye grupu mi naweka chini yake picha ya Kiwanuka na jina lake na mwaka, wengi wanauliza huyu nani, basi nakaa nawaeleza.